Rangi Uani kwa Mjomba

Mwenye duka pale Gerezani aliniangalia kwanza, kisha akapanga barakoa tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ile ya bluu, nyepesi, tuliyoizoea wakati wa korona. Ya pili ilikuwa nyeupe, ngumu kidogo, ina kijichuma cha kubana puani. Ya tatu ilikuwa ya mpira, vichujio viwili vimetokeza mashavuni, na bei yake ilizipita zile mbili kwa mbali sana.

"Wengi wanachukua hii ya kati," akasema. "Halafu wakitoka hapa wanapitia dukani kununua maziwa."

Mjomba wangu wa Tanga alikuwa ameamua kupiga rangi gari lake, Toyota Mark II, uani kwake, kwa mikono yake. Gereji zipo, ila bei waliyomtajia aliiona ni ya kuhonga, si ya kupaka. Amestaafu, muda anao, ua anao, na kijana wa jirani ana kompresa. Aliponipigia simu aliniagiza msasa, tepu ya karatasi na "kitu cha kuziba pua". Kwa kuwa nilikuwa naenda Tanga kwa shughuli zangu, agizo likawa langu.

Ukitaka kujua rangi ya gari inapigwaje nchini kwetu, Gerezani ni mahali pa kuanzia. Gari limeegeshwa ukingoni mwa barabara, vioo vimefunikwa magazeti, fundi kafunga fulana puani, anapuliza. Mita chache pembeni mama lishe anakaanga samaki. Mwendesha bodaboda anapita katikati ya ukungu wa rangi amefumba jicho moja. Hakuna anayeshangaa. Jioni fundi atakunywa pakiti yake ya maziwa, na siku imekwisha salama.

Hiyo imani ya maziwa nimeikuta Dar, nimeikuta Arusha, nimeikuta na Mombasa, kwa wapiga rangi na wachomelea vyuma vilevile: maziwa "yanasafisha kifua". Lakini maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa thina unapita puani, unaingia mapafuni, na kutoka hapo unaingia kwenye damu bila kupita tumboni hata kidogo. Pakiti ikishuka kooni haina pa kukutana nao. Mwajiri anayegawa maziwa jioni huhesabiwa mwajiri mwema. Mimi naona amepata kinga ya bei rahisi kuliko zote, na inayomkinga ni yeye, dhidi ya lawama.

Barakoa ya bluu huzuia mate. Ile nyeupe huzuia vumbi, nayo ina kazi yake wakati wa kupiga msasa, lakini mvuke unaipita kama haipo. Ya mpira ndiyo pekee kati ya zile tatu yenye kitu cha kuukamata mvuke: ndani ya kichujio mmejaa mkaa ulioandaliwa kiwandani, wenye vitundu vingi mno ambamo mvuke hunasa. Kwa alama za Ulaya, kichujio cha mvuke wa aina hii kina mstari wa kahawia, na cha chembechembe kina mstari mweupe. Kwa anayepuliza rangi, yote miwili inatakiwa iwepo. Vile vya mfumo wa Marekani hutumia nyeusi kwa mvuke na zambarau kwa chembe ndogo kabisa. Mwenye duka alinipa vichujio vilivyokuwa wazi kwenye rafu, vina vumbi juu. Nikamwomba vya kwenye mfuko uliofungwa. Mkaa ule ukikaa wazi huendelea kunasa kila kinachopita hewani, na dukani kwake, kati ya madebe ya thina, vilikuwa vimeshafanya kazi miezi mingi kabla ya kumfikia mnunuzi. Alinuna kidogo, akaingia ndani, akaja navyo.

Alitaka pia kuniuzia galoni ya thina. "Unaificha tu chini ya basi, kwenye begi." Nikamwambia thina ipo Tanga.

Asubuhi iliyofuata, pale stendi ya Magufuli, Mbezi, konda wa basi letu alikuwa ameinama kwenye buti ananusa. Hakusema kitu. Alitoa begi moja, akatoa jingine, mpaka akafikia boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani. "Hili la nani?" Akajitokeza bwana mmoja, akasema ni dawa ya kung'arishia viatu. Konda akalisogeza puani, akamtazama, akaliweka chini kwenye lami. "Bosi, dawa yako itapanda gari lake." Abiria wakacheka, bwana akalalamika nauli, basi likaondoka na boksi likabaki kwa wapiga debe. Pengine konda yule hajawahi kusikia hata herufi moja ya kemia, lakini alichokijua kinatosha. Asetoni, mojawapo ya vitu vinavyotiwa kwenye thina, hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Toluini, nyingine, huanza kwenye nyuzi 4. Ndani ya buti la basi, kwenye jua la Chalinze, inayongojwa ni cheche tu.

Niliketi na mzee mmoja mwembamba, mpole, aliyebeba kipulizo cha pumu kwenye mfuko wa shati mahali ambapo wengine huweka kalamu. Tulipita Chalinze, tukapita Lugoba na vumbi lake la kokoto, na hapo ndipo alipokohoa, akakitumia, akaomba radhi. Aliona tepu na msasa kwenye mfuko wangu. "Wewe ni fundi rangi?" Nikamweleza habari za mjomba. Akacheka bila sauti. Yeye alikuwa fundi rangi, tena wa kusifiwa, mpaka kifua kilipomkatalia.

"Kilianza na kikohozi cha usiku," akasema. "Mchana napuliza, niko sawa, naimba. Nikirudi nyumbani, saa tatu, saa nne usiku, kifua kinabana. Mke wangu akasema ni vumbi la godoro. Tukabadilisha godoro."

Jumapili alikuwa mzima. Sikukuu ya Idi, akipumzika siku kadhaa, alikuwa mzima kabisa. Akirudi kazini, usiku ule ule anakaa kitandani akipumua kwa shida. Miaka ikapita kabla daktari mmoja hajamuuliza swali lililofungua mlango: ukiwa likizo unakuwaje?

"Thina inanuka," akaniambia tulipokuwa tunavuka Wami, "kwa hiyo thina niliiogopa. Nilikuwa nageuza uso nikifungua debe. Hadena hainuki. Hadena nilikuwa naichanganya huku natafuna muhogo."

Maneno yake niliyaandika nyuma ya tiketi. Kuyaelewa, anza na rangi ya zamani ya magari: ilikauka kwa thina kuruka tu. Kampuni ya DuPont ilipoitoa rangi yake ya Duco mwaka 1923, iliwafurahisha wenye viwanda kwa sababu gari lililokuwa likichukua wiki kadhaa kupakwa na kukauka lilimalizika kwa muda mfupi mno. Rangi hizo zina ubaya wake: zimetokana na selulosi iliyotiwa naitreti, jamaa wa karibu wa baruti ya pamba, na zinawaka kwa hasira. Lakini rangi na vanishi za sasa, zile ambazo mafundi wanaziita tuuke, zinakuja kwa makopo mawili. Kopo kubwa ni rangi, kopo dogo ni hadena. Vikichanganywa, vinashikana na kugeuka gamba gumu, linalong'aa, lisiloogopa petroli. Kinachofanya kazi hiyo ndani ya kopo dogo ni isosayaneti.

Isosayaneti ikipulizwa inakuwa ukungu mwembamba kuliko uwezo wa jicho kuuona. Mtu anaweza kuivuta kwa miaka bila shida, au kwa wiki chache tu, kisha mwili wake ukaikataa. Mwili ukishaikataa, haurudi nyuma. Kutoka siku hiyo, kiasi kidogo mno, kisichomgusa mwenzake aliyesimama naye, kinatosha kumfunga pumzi. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza imeandika kwamba wapuliza rangi za magari wana hatari ya kupata pumu ya kazini kiasi cha mara 80 kuliko wafanyakazi wengine wa nchi hiyo. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 24 Agosti 2023, hauruhusu mfanyakazi kugusa bidhaa zenye kiasi cha kutajika cha kemikali hii kabla hajapata mafunzo. Na harufu haitakuonya. Pua inaanza kuinusa pale ambapo kiasi kimeshazidi kile kinachodhuru.

"Sasa nikipita nje ya gereji wanapopiga tuuke," mzee akasema, "kifua kinajua kabla yangu." Alishuka Segera, njia panda, abadilishe gari la kwenda Korogwe. Anauza mahindi siku hizi. Mimi nikaendelea mkono wa kulia, Muheza, machungwa dirishani, mpaka Tanga.

Mjomba anakaa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazohesabiwa kwa namba, ndani ya nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Nilipiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mfuko. Mkaza mjomba alinitengea mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. Sikuruhusiwa kumaliza kikombe. "Njoo uone, mpwa wangu."

Ua ule naujua tangu utotoni, lakini siku ile niliutazama kwa macho ya yule mzee wa Segera. Banda la gari lilikuwa la mabati pande tatu. Upande wa nne mjomba ameshatundika turubai, amelikaza kwa misumari mpaka chini, ili vumbi lisiingie. Nyuma ya bati moja, umbali wa hatua nne hivi, wapangaji wana jiko lao: majiko mawili ya mkaa, moja lina sufuria ya maharage. Kisima kiko pembeni, kimefunikwa kwa ubao. Kamba ya nguo imekatiza ua mzima, na chini yake watoto wanacheza kombolela, wanajificha nyuma ya Mark II. Kuku wanapita wanapopataka.

Turubai lilikuwa jambo la kwanza tuliloligombania, na mjomba ana hoja. Mpiga rangi ana maadui wawili wanaotaka mambo yanayopingana. Vumbi linamtaka afunge, mapafu yanamtaka afungue. Chembe moja ya mchanga kwenye vanishi mbichi inaonekana mpaka gari linazeeka. Kwa hiyo watu hufunga, na banda lililofungwa hujaa mvuke mpaka fundi anaona kizunguzungu, anadhani ni njaa. Njia ya kati ipo: unamwagia sakafu na ardhi ya nje maji kabla ya kuanza ili vumbi lilale, unachagua asubuhi kabla upepo haujapanda, unaacha pande mbili zinazotazamana wazi ili hewa ipite moja kwa moja, na unasimama upande upepo unakotoka. Msimu ule ulikuwa wa kusi. Kusi ikiingia kwa mjomba inatoka kwa jirani, dirisha la chumba cha kulala, ambako kuna mtoto mchanga.

"Nitamwambia afunge dirisha," mjomba akasema.

"Siku nzima, mjomba?"

Akanyamaza. Tukahamia kwenye majiko.

Hapa sikutaka kubishana kwa maneno. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unatambaa ardhini kama maji yaliyomwagika, unafuata mteremko, unapita chini ya bati. Ua wa mjomba una mteremko kuelekea kwa wapangaji, kwa ajili ya maji ya mvua. Nilimwaga ndoo ya maji pale pale kwenye banda. Maji yakaenda polepole, yakapita chini ya bati, yakafika kwenye jiko la maharage. Mama mwenye sufuria akatoa kichwa kuuliza nani anafua. Mjomba alitazama ile njia ya maji kwa muda, kisha akasema kwamba siku hiyo wapangaji atawanunulia chakula. Ni wazo zuri, lakini mkaa si cheche pekee. Kuna swichi ya taa ndani ya banda, kuna friji ya barafu za kuuza ukumbini ambayo hujiwasha yenyewe, kuna mota ya kompresa, kuna simu kwenye chaji, na kuna mjomba mwenyewe, ambaye sigara ya baada ya chai hajaiacha.

Nikamuuliza kizimamoto kiko wapi. Akafungua buti la gari kwa fahari. Kilikuwepo, kidogo, chekundu, na stika yake ya mwaka kwenye kioo cha mbele haijapungua kitu. Mshale wa presha ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Moto wa thina hauzimwi kwa maji, kwa kuwa thina huelea na kuubeba moto juu ya maji mpaka usikotaka. Unataka unga au povu, na ndoo za mchanga karibu. Namba ya zimamoto, 114, nilimwandikia kwa chaki ukutani.

Kijana wa jirani alifika na kompresa yake, ameifunga kwenye mkokoteni. Tangi lilikuwa ni mtungi wa zamani uliochomelewa miguu. Alipolegeza kizibo cha chini kilitoka kikombe kizima cha maji ya kutu. Maji hayo yanatakiwa kumwagwa kila siku ya kazi, maana yanakula chuma kwa ndani, na tangi lililokonda halitoi taarifa kabla ya kupasuka. Kijana ni mwepesi wa kuelewa, na alikuwa na wazo lake. Alisikia kwamba nchi za nje fundi huvuta hewa ya bomba. Basi tuchomoe mpira mmoja kwenye kompresa, tuuingize kwenye barakoa ya mjomba. Nilimsifu kwa kuwaza, kwa kweli alikuwa ameikaribia njia sahihi kuliko sisi wote. Ila hewa ya kompresa ya kawaida hutoka na ukungu wa oili, na kama mashine ni ya injini na inavuta hewa karibu na moshi wake, hutoka na sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo nayo haina harufu. Hewa ya kupumua hupitishwa kwenye vichujio vyake maalumu na hupimwa.

Barakoa ya mpira ndiyo iliyoleta kimya. Mjomba ana ndevu. Si ndevu za mapambo. Amezifuga tangu aliporudi Hija, nyeupe, zimejaa mpaka kwenye mashavu. Aliivaa barakoa, akakaza mikanda. Nikamwonyesha namna ya kujaribu: ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu, mpira ukinyonywa usoni na kubaki hapo, umekaa. Akavuta. Ikasikika filimbi kwenye shavu la kushoto. Akakaza zaidi, filimbi ikahamia kulia. Hewa haina sababu ya kupita kwenye mkaa ikiwa kuna njia ya wazi kati ya nywele. Hata ndevu za siku mbili tu huharibu.

"Unataka ninyoe?" aliuliza ndani ya barakoa.

"Hapana, mjomba."

"Basi umenunua kitu cha bure."

Haikuwa ya bure, kijana hana ndevu. Lakini kabla hatujafika huko nilikuwa nimeyaona makopo juu ya rafu ya banda: kubwa na dogo. Nililigeuza lile dogo. Nyuma yake, kati ya maandishi ya mchwa, kulikuwa na michoro miwili ndani ya fremu nyekundu za kona nne. Mmoja ni moto. Mwingine ni kifua cha mtu, na katikati ya kifua kuna kitu kama nyota iliyopasuka. Huo ndio mchoro ambao kila mpiga rangi anapaswa kuutafuta kabla ya kufungua kifuniko. Unasema kilichomo hudhuru mwili kwa ndani, kwa muda mrefu, na kupumua ni mojawapo ya njia. Maandishi ya chini yalitaja isosayaneti kwa jina.

Kwa rangi ya kopo moja, hewa ikiwa inapita na ndevu hazipo, barakoa ya mkaa yenye vichujio vipya inakubalika. Kwa tuuke iliyopulizwa, siikubali. Mkaa ukishajaa, mvutaji wa thina atanusa, atajua abadilishe. Mvutaji wa hadena hatanusa kitu. Ndiyo maana wataalamu wanataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka mbali. Na hata fundi akiwa nayo, je, watoto wa kombolela wanazo? Jirani na mtoto wake mchanga? Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, una sheria ya mwaka 2003 ya kuwakagua wenye viwanda na gereji. Uani kwa mtu, mkaguzi ni mwenye nyumba.

Mjomba alisikiliza yote. Kisha akauliza swali la mstaafu: "Kipi kinachokula fedha zaidi, kupuliza au kuandaa?" Kuandaa. Kukwangua kutu, kupiga puti, msasa wa kwanza, msasa wa pili, kuziba vioo, siku nzima baada ya siku nzima. Kupuliza kwenyewe ni saa chache. Hapo alitabasamu. Tukakubaliana: maandalizi yafanyike nyumbani, gari likapulizwe gereji.

Maandalizi nayo yana adabu zake. Mark II ile ilikuwa nyeupe, chini ya nyeupe kulikuwa na nyekundu ya mwenye gari wa kwanza, na rangi nyekundu na njano za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zisipauke. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto anayetambaa ndiye anayeiokota, kwa vidole na mdomo. Kwa hiyo tulipiga msasa wa maji, siyo mkavu. Maji ya rangi yalikusanywa kwenye beseni, yakaachwa yatuame, tope likafungwa kwenye mfuko. Hayakumwagwa karibu na kisima. Ua haukufagiwa, ulipanguswa kwa vitambaa vibichi. Mkaza mjomba akatoa amri ambayo sikuifikiria: nguo za kazi zisichanganywe na nguo za watoto, zifuliwe peke yake, beseni lake liwe lile bovu. Kijana alipotaka kujipuliza vumbi mwilini kwa mpira wa kompresa, mjomba mwenyewe alimzuia. Hewa ya presha inaweza kupenya ngozi kwenye kidonda, inaweza kutoboa ngoma ya sikio, na hutupa vumbi machoni kwa kasi.

Puti ilikuwa kazi ya kijana. Alichanganya kidogo kidogo, kiasi cha kumaliza kabla haijaganda, maana donge kubwa la puti lililotiwa hadena yake hupata moto lenyewe, na halitupwi kwenye pipa lenye matambara ya thina. Mikono tuliisafisha kwa mafuta ya nazi kisha sabuni. Mafundi wengi hunawa kwa thina, na thina hula mafuta ya ngozi, huipasua, halafu hupenya. Kijana alishangaa jinsi mafuta ya nazi yanavyong'oa rangi kwenye kucha. Mkaza mjomba alishangaa jinsi chupa yake ilivyopungua.

Gereji tuliyoipata iko njia ya kwenda Pongwe. Ina chumba cha kupulizia cha kuta nyeupe, feni zinavuta hewa kupitia vichujio, taa zimefunikwa kwa kioo na swichi ziko nje. Fundi alivaa ovaroli yenye kofia, glavu za naitrili, na barakoa ya uso mzima yenye bomba mgongoni. Tulitazama kupitia kidirisha. Alipuliza mlango wa nyuma, akarudi hatua mbili, akainamisha kichwa kutazama mng'ao. Mjomba akagonga kioo, akamwonyesha kwa kidole sehemu aliyodhani imerukwa. Fundi aliitikia kwa kichwa, kioo cha barakoa hakukifunua. Mafundi wengi hujidhuru wakati huo huo: kazi imekwisha, wanafunua uso waone vizuri, na ukungu wa mwisho bado uko hewani, hauonekani. Yeye alizima bunduki ya rangi, akasimama, akaacha feni zifanye kazi, akatoka akiwa bado amevaa, akavulia nje.

"Gari lilale hapa mpaka Jumatatu," akasema. "Msiliweke karibu na madirisha ya kulala, na msiliguse kwa msasa kabla halijakomaa. Vumbi la rangi ambayo haijakomaa bado lina hadena ndani."

Mjomba akazunguka chumba kwa nje, akatazama ukuta, lango, taa ya nje.

"Na usiku atalilinda nani?"

"Mlinzi yupo, mzee."

"Mlinzi mwenyewe anavuta sigara?"

Fundi akacheka, akamwita mlinzi aje ajibu mwenyewe.